Chuo Kilichoanza Ndani ya Kambi ya Askari

Mara ya kwanza nilipoingia chuo kikuu cha ufundi cha Kigali, niliingia na sururu begani. Ilikuwa mwaka 2014. Mkandarasi mmoja alikuwa anatafuta watu wa kuchimba mtaro wa kupitisha waya za umeme, na sisi tuliokuwa tunasimama kila asubuhi pale Giporoso kungojea kibarua tulipakiwa kwenye lori, tukashushwa mjini, upande wa Nyarugenge. "Hapa ni KIST," akasema mwenzangu mmoja, Mrundi. Mimi nilikuwa bado mgeni Rwanda, lakini jina hilo nililijua tangu nikiwa Goma.

Tulichimba siku nne. Siku ya pili mtaro ulipita chini ya dirisha la chumba cha mazoezi. Ndani nikaona wanafunzi kama sita wamezunguka osiloskopu, kile chombo kinachoonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo. Ndugu msomaji, mimi nilisoma umeme. Nina dipuloma ya Leta ya sekondari ya ufundi, na nilikuwa nimeanza mwaka wa pili wa chuo wakati vita vilipoingia kwetu Rutshuru mwaka 2012. Osiloskopu niliichora kwenye daftari mara nyingi sana. Kuigusa, hapana. Shule yetu haikuwa nayo. Basi nikasimama pale nikiangalia mpaka kapita akapiga kelele: "Weye, unalipwa kwa kuangalia?"

Saa sita tulikaa kivulini tukala chapati na maharage. Mlinzi mmoja mzee akaja kuongea nasi. Akatuambia: "Hii yote ilikuwa ya askari. Na hapo jirani kuna nguzo kumi za mawe. Mkitoka, mpite mzihesabu." Jioni nilipita, nikazihesabu. Ni kumi kweli.

Miaka imepita. Bado naishi hapa Remera, nafunga umeme kwenye nyumba za watu, na yule mtoto niliyekimbia naye mgongoni mwaka 2012 sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, anasoma hesabu, fizikia na kompyuta. Jioni moja akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Papa, kule KIST banakubaliaka bakimbizi?" Sikumjibu vizuri. Nilisema tu, tutaona. Baadaye nikaona aibu, maana swali lake lina jibu, na jibu lake lina historia. Nikaanza kuitafuta: kwenye maktaba ya umma ya Kacyiru, na kwa watu waliofanya kazi kule. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nchi bila wahandisi

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 1962 bila kuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mwaka uliofuata, mwezi wa 11, kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, mji unaoitwa Huye siku hizi. Serikali ilikianzisha pamoja na mapadri Wadominiko kutoka Canada, na mkuu wake wa kwanza alikuwa padri wa Quebec, Georges-Henri Lévesque. Walianza na wanafunzi takriban hamsini, katika udaktari, sayansi za jamii na ualimu. Angalia vizuri orodha hiyo. Wa kutibu wamo, wa kuandika ripoti wamo, wa kufundisha wamo. Wa kujenga daraja na kuvuta umeme hawamo. Sayansi ziliongezwa baadaye, lakini chuo cha juu cha serikali chenye kazi yake kubwa ya teknolojia hakikuwepo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Wakati huohuo Wanyarwanda wengi walikuwa nje. Tangu mwaka 1959 watu walikimbilia Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo. Watoto wao walizaliwa huko, wakasoma huko. Wa Uganda wakasoma Kiingereza. Wa Bujumbura na wa Bukavu wakasoma Kifaransa. Wa Tanzania wakaanza na Kiswahili, kisha Kiingereza. Wengine walisoma kwa shida tunazozijua sisi: karatasi hazitoshi, minerivali haipatikani, darasani unaitwa mgeni. Lakini walisoma. Nakuomba ulishike hilo, tutalirudia.

Kambi

Mahali pale KIST ilipojengwa palikuwa na shule ya maofisa wa jeshi, iliyojulikana kwa kifupi ESM, karibu na kambi iliyoitwa Camp Kigali. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka 1994 ndege ya Rais Habyarimana ilidunguliwa. Asubuhi yake, tarehe 7, wakuu wa jeshi walikutana palepale ESM, mkutano ukiongozwa na Kanali Bagosora. Saa zilezile, waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa ameuawa au anauawa, na askari kumi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda, walinyang'anywa silaha, wakapelekwa Camp Kigali, wakauawa. Zile nguzo kumi za mawe ni zao, nguzo moja kwa kila mtu. Jengo walilojificha bado lina matundu ya risasi.

Baada ya hapo Ubelgiji iliwaondoa askari wake, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaendelea kwa miezi mitatu. Hapa kwetu Remera, uwanja wa Amahoro ulikuwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa, na watu takriban 12,000 walijificha humo. Kicukiro, ambako si mbali na sisi, kulikuwa na shule ya ufundi iliyoitwa ETO. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia pale kwa sababu askari wa Umoja wa Mataifa walikuwepo. Tarehe 11 mwezi wa 4 wale askari wakaondoka. Wengi wa watu wale walipelekwa Nyanza ya Kicukiro, wakauawa.

Sisemi haya kwa kupenda kusimulia damu. Nayasema kwa sababu shule zote mbili zina wanafunzi leo. Ile ya Kicukiro ikawa chuo cha teknolojia, kisha ikawa IPRC Kigali, mojawapo ya vyuo vinane vilivyokusanywa mwaka 2017 chini ya Rwanda Polytechnic. Na ile ya maofisa ikawa KIST. Mtu anayejifunza kuunganisha waya Kigali, mara nyingi anajifunza mahali ambapo kitu kilivunjika vibaya sana.

Mwaka 1997

Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa imebaki bila watu wa kazi. Walimu wamekufa au wamekimbia, mafundi vilevile. Nguzo za umeme chini, mabomba ya maji yamepasuka. Na katika miezi ileile, wakimbizi wa zamani walirudi kwa mamia ya maelfu kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, na watoto waliokuwa hawajawahi kuiona Rwanda.

KIST ilifunguliwa mwezi wa 11 mwaka 1997, ikazinduliwa rasmi mwezi wa 4 mwaka 1998. Ilikuwa taasisi ya kwanza ya elimu ya juu iliyoanzishwa na serikali ya Rwanda kwa ajili ya teknolojia. Serikali iliianzisha pamoja na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP. Japani na Uholanzi zilitoa msaada, na shirika la Ujerumani, GTZ, likasimamia kazi. Hawakungoja majengo mapya. Waliingia kwenye yale ya shule ya maofisa, mabweni yakawa madarasa. Mlinzi wetu mzee alikuwa na maneno yake: "Walitoa bunduki, wakaingiza madawati. Kuta ni zilezile."

Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Silas Lwakabamba. Huyu mzee inafaa sisi wasomaji wa Kiswahili tumjue. Alikulia Tanzania. Alisomea uhandisi wa mitambo Leeds, Uingereza, akapata udaktari wake mwaka 1975, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka akawa mkuu wa kitivo cha uhandisi. Mwaka 1985 alikwenda Ibadan, Nigeria, kwenye kituo cha Afrika cha kufundisha usanifu na utengenezaji wa mitambo. Mwaka 1997 ndipo akaja Kigali kuanzisha KIST. Aliiongoza mpaka 2006, akahamishiwa Butare kuongoza Chuo Kikuu cha Taifa, na baadaye akawa waziri wa miundombinu, kisha wa elimu.

Kwa hiyo ukitaka kujua KIST ilirithi wapi akili yake ya kazi, usiangalie Ulaya peke yake. Angalia Dar es Salaam. Kitivo cha uhandisi cha Dar kilianza mwaka 1973, nacho kwa msaada wa Wajerumani. Kenya ilianza chuo chake cha Juja mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kikakua mpaka mwaka 1994 kikawa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia. Kumbuka vizuri mwaka huo. Juja wanasherehekea kuwa chuo kikuu mwaka uleule ambao Kigali inachimba makaburi. Miaka mitatu baadaye Kigali inaanza, na inaanza kwa kukopa walimu, kwa majirani na mbali zaidi. Walikuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Watu waliosoma kule miaka ya mwanzo wanakwambia kwamba kwenye kantini ulisikia Kiswahili cha kila namna.

Darasa moja, lugha mbili

Shida ya kwanza haikuwa mashine. Ilikuwa lugha. Kijana aliyekulia Kampala na kijana aliyekulia Bujumbura walikaa benchi moja, wote wawili Wanyarwanda, na mwalimu wa hesabu angefundisha kwa Kiingereza mmoja alie, au kwa Kifaransa alie mwingine. Kinyarwanda wote walikijua, lakini vitabu vya uhandisi kwa Kinyarwanda havikuwepo. Ikaamuliwa lugha zote mbili zitumike, na mwanafunzi asome kwanza ile asiyoijua kabla ya kuingia kwenye masomo yenyewe.

Mama mmoja jirani yangu, aliyelelewa Bukavu na kusoma kule miaka ya mwanzo, aliniambia: "Mwaka wa kwanza nilikuwa nasoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Tulicheka, lakini tulilia pia." Nilipomsikia nilijicheka mwenyewe, maana mimi nilipofika hapa na umeme wangu wa Kifaransa, nilikuta kila karatasi iko kwa Kiingereza. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na vyuo vikafuata. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, lakini darasani pale hakijaingia. Kiko mlangoni, kwa walinzi na sisi wachimba mitaro.

Mwezi wa 7 mwaka 2002 ilikuja mahafali ya kwanza: dipuloma 403 na shahada 62, za usimamizi na kompyuta. Ndiyo, bado wahandisi wa mitambo hawakuwa katika kundi lile. Uhandisi unachukua miaka mingi zaidi. Lakini ni miaka mitano tu tangu siku ile madawati yaingizwe kambini.

Moto kutoka chooni

Kama ungeniuliza kitu kimoja kilichonifanya nikiheshimu chuo hiki, singekutajia majengo. Ningekutajia choo cha gereza la Cyangugu.

Baada ya 1994 magereza ya Rwanda yalijaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 100,000 walikuwa ndani wakingoja kesi za mauaji ya kimbari, katika magereza yaliyojengwa kwa watu wachache. Watu elfu tano mahali pamoja, fikiria choo chake. Uchafu ulifurika, ukateremka mlimani kwenda kwenye maji ya watu. Na fikiria jiko lake: kila siku chakula cha elfu tano kinapikwa kwa kuni, na miti ya nchi inakwisha.

KIST ilikuwa na kituo cha kupeleka teknolojia kwa wananchi, na katika kituo hicho kazi ya biogesi iliongozwa na mhandisi Ainea Kimaro. Jina hilo, aliyewahi kupita Moshi anajua ni la upande gani. Wakaunganisha shida mbili wakapata dawa moja. Mtambo wa kwanza wa gerezani ulijengwa Cyangugu mwaka 2001, ng'ambo tu ya Bukavu.

Nitaeleza kifundi kidogo, maana jambo lenyewe ni rahisi. Unachimba shimo kubwa, unajenga ndani yake chumba cha matofali chenye umbo la mzinga wa nyuki, kinafunikwa na udongo. Uchafu wa vyoo unaingia kwa bomba upande mmoja. Ndani hakuna hewa. Vijidudu vinavyoishi bila hewa vinaula ule uchafu kwa wiki kadhaa, na vinatoa gesi ya metani. Gesi inapanda juu ya kuba, inasukumwa kwa bomba mpaka jikoni, inawashwa. Kinachotoka upande wa pili si kile kilichoingia: harufu imepungua sana, magonjwa mengi yamekufa, na ni mbolea nzuri ya bustani. Mafundi walifundishwa kazini, na wafungwa wenyewe walikuwemo kati ya waliojifunza kujenga. Gereza lenye mtambo lilipunguza kuni zake kwa takriban nusu.

Mwaka 2005 KIST ilipewa kwa kazi hiyo tuzo ya Ashden, tuzo ya Uingereza ya nishati safi. Chuo cha miaka minane, kilichoanza katika mabweni ya askari. Na hakikushinda kwa roketi. Kilishinda kwa choo.

Mimi nimeishi kambi ya Kigeme, iliyofunguliwa mwaka 2012. Aliyeishi kambini anajua kupanga foleni ya choo na kutembea mbali kutafuta kuni. Niliposoma habari ya Cyangugu nilikaa kimya muda mrefu. Elimu ile ilihusu maisha yangu mimi, na hakuna aliyeniambia.

Jina limekufa, watu bado wanaliita

Chuo kilikua. Mwaka 2009 kilifungua shule ya kwanza ya usanifu majengo nchini Rwanda. Kabla ya hapo, aliyetaka kuwa msanifu alikwenda nje. Leo shule hiyo ina jengo lake mle chuoni, la rangi ya machungwa, na kuta zake nyingine ni za mawe meusi ya volkano. Mtu wa Goma akiyaona mawe yale atatabasamu. Kwetu tunayajengea uzio.

Mwaka 2013 ikaja sheria mpya. Taasisi saba za serikali ziliunganishwa kuwa kitu kimoja, Chuo Kikuu cha Rwanda, chenye wanafunzi takriban 30,000: chuo cha Butare, KIST, KIE ya ualimu, KHI ya afya, shule ya biashara na fedha, ISAE ya kilimo na Umutara. KIST ikawa Koleji ya Sayansi na Teknolojia, ikapokea pia sayansi zilizokuwa Butare. Sababu zilitolewa: nchi ndogo, walimu wachache, maabara za gharama kubwa, heri kuziweka pamoja kuliko kila chuo kununua mashine yake. Ni sababu za maana. Lakini nimeongea na watu waliosoma pale kabla ya 2013, na wengi wanasema kitu kilipotea. KIST ilikuwa na jina lake na kiburi chake. Hata sasa, mwambie mtu wa moto "nipeleke KIST", hatakuuliza mara mbili.

Sisi wa Remera tuliuona muungano huo kwa macho. KIE, taasisi ya ualimu iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa jirani yetu. Ilifundisha walimu, wakiwemo wa hesabu na fizikia wanaofundisha watoto wetu. Baada ya muungano ualimu ulihamishiwa Rukara, kule Kayonza, na kampasi ya Remera ikaingia wanafunzi wa afya. Wenye vibanda vya fotokopi walibadilisha matangazo yao tu, maisha yakaendelea.

Kule Nyarugenge, tangu mradi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2016, kuna vituo viwili vinavyopokea wanafunzi wa shahada za juu kutoka nchi mbalimbali za Afrika: kimoja cha nishati, kingine cha vyombo vinavyozungumza kwa intaneti. Chuo kilichoanza kwa kukopa walimu sasa kinapokea wanafunzi wa majirani.

Tofauti yetu na wao

Sasa nirudi kwa swali la binti yangu.

Najua kuna mtu atasema: "Usitufananishe. Wale walirudi kwao, serikali ikawa yao. Sisi tuko kwa watu." Ni kweli. Wao walirudi na kukuta nchi inawahitaji. Sisi hatujui tutarudi lini, na habari za Goma na Bukavu tangu mwanzo wa 2025 hazitupi usingizi. Sitaki kudanganya mtu. Historia ya chuo hiki haituahidi chochote.

Inatuonyesha kitu kimoja tu: siku ile mwaka 1997 madawati yalipoingia kambini, waliokuja kukaa na waliokuja kufundisha walikuwa wengi wao watu waliosomea ugenini. Hakuna aliyewaambia mwaka 1975 au 1985 kwamba masomo yao yatakuwa na kazi Kigali. Walisoma bila kujua. Kama wangesema "tunasubiri kwanza turudi ndipo tusome", mwaka 1997 usingekuwa na kitu.

Nasema hivi kwa sababu ya vijana wetu. Ndugu msomaji, unawajua. Kijana anafika darasa la mwisho, familia inapita mahojiano ya kwenda Marekani, anaacha shule. "Nitasoma huko." Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Katika ua wetu kuna kijana aliyeacha shule mwaka mmoja kabla, masanduku yamefungwa. Masanduku bado yamefungwa. Yeye anakaa mlangoni na simu.

Na mimi siwezi kumcheka. Mwaka 2015 nilipeleka karatasi zangu kwenye ofisi moja ili dipuloma yangu itambuliwe. Nilikuwa na nakala moja tu, na kona yake ilikuwa imeliwa na mvua ya safari. Wakanirudisha mara tatu: lete ya asili, lete muhuri wa shule, lete barua kutoka Kongo. Shule yenyewe ilikuwa katika eneo la vita. Mara ya nne sikwenda. Kwa miaka mingi nililaumu ofisi. Leo nasema nusu ya kosa ni yao, nusu ni yangu, maana mara ya nne ilikuwepo na mimi ndiye niliyeamua kwamba haipo.

Kwa binti yangu hali ni tofauti. Amesoma hapa, atafanya mtihani uleule wa taifa wanaofanya watoto wa jirani, na karatasi yake haihitaji muhuri wa Rutshuru. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mkimbizi anaweza kusoma kule, na wamesoma. Mlima ni pesa. Kuna ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa wameutoa tangu mwaka 1992. Nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi. Kuna Kepler, iliyofungua masomo ya shahada ndani ya kambi ya Kiziba mwaka 2015. Ukikosa vyote, kuna vyuo vya ufundi vya Rwanda Polytechnic, na si aibu kuanzia huko. Lakini kila mlango unadai karatasi. Tengeneza nakala tatu, moja iache kwa mtu unayemwamini, nyingine ipige picha uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Jumapili iliyopita nilikwenda naye mjini. Tulianza kwenye zile nguzo kumi. Alizihesabu kwa sauti ndogo, akaniuliza majina, nikamwambia yameandikwa, asome mwenyewe. Kisha tukatembea kando ya uzio wa chuo mpaka mahali ambapo, kama sikosei, mtaro wetu ulipita. Sasa juu yake kuna majani na njia ya matofali. Hakuna anayejua kama kuna waya chini.

"Papa, hizi waya zenu zinapelekaka moto wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha lile dirisha.

Fomu za ufadhili anajaza wiki hii. Zikikubaliwa au zikikataliwa, nitaandika hapahapa. Na wewe uliyesoma pale, hasa ninyi mlioanza na Kiingereza cha chekechea, mtuandikie. Mlichotuachia bado hakijaandikwa chote.